Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka huu: magazeti ya TANU tuyatunze mazima, tusiyakate

Ndugu wanachama,

Kwanza habari za majumbani, na poleni wote mliofiwa. Mzee wetu aliyekuwa anatusomea maandishi yaliyofifia hatunaye tena, na kila tukikaa kikao macho yanaenda pale alipokuwa anakaa na lenzi yake mkononi. Mungu amrehemu.

Mnakumbuka mwaka jana tulikubaliana tuache kukusanya kila karatasi tunayoletewa, tushike kitu kimoja tukijue vizuri, yaani magazeti ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, Uhuru pamoja na ndugu yake wa Kiingereza The Nationalist, na tujue lilianzaje, nani alilibeba na liliishia wapi. Tumekaa vikao vinne, kimoja mvua ilitukamatia hapohapo tukalala kwa wenyeji, na ndo kikao kilichozaa zaidi kuliko vyote.

Tulianzia nyuma kabisa. TANU imezaliwa 7 Julai 1954 na haikuwa na gazeti lake, habari zake zilikuwa zinabebwa na watu kama Mzee Mashado Plantan kwenye Zuhra yake, alafu 1957 ikatoka Sauti ya TANU, karatasi tu za stensili, Mwalimu Nyerere mwenyewe ndo mwandishi. Mwaka uliofuata toleo namba 29 likamponza kwa sababu aliandika juu ya mabwana shauri wawili wa Kiingereza, akashtakiwa kwa kashfa, wakili D.N. Pritt akaja kutoka Uingereza kumtetea, watu wakajaa mahakamani, na hukumu ikawa shilingi 3,000 au miezi sita jela. Akalipa. Wapo waliotaka aende jela, lakini uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ulikuwa mlangoni na chama kilimhitaji awe nje. Mwaka huohuo Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika wao walienda jela kweli, kesi ya uchochezi. Hawa wawili nawaomba tuwataje kila tunapokaa maana vijana wengi tuliowauliza hawajawahi kuwasikia hata mara moja.

Uhuru likatoka Disemba 1961, mwezi uleule wa bendera. The Nationalist likafuata 17 Aprili 1964, siku tisa kabla ya Muungano, chini ya kampuni ya chama iliyoitwa Mwananchi Publishing, na tafadhali msiichanganye na Mwananchi ya sasa, tumeulizwa hilo mpaka tumechoka. Mhariri wake wa kwanza alikuwa James Markham wa Ghana. Kuanzia 1966 akashika kijana anaitwa Benjamin Mkapa, huyohuyo aliyekuja kuwa rais. Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotoka, Februari 1967, chama kilikuwa na midomo miwili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza, na yote ilikuwa inapiga kelele za ujamaa kila asubuhi.

Sasa hapa nataka tukae kidogo.

Mwezi wa saba tuliletewa robota kutoka Tabora, limefungwa kwa kamba ya katani, lilikuwa chini ya sanduku la nguo la mama mmoja, shangazi wa mwanachama mwenzetu. Mchwa walikuwa wamekula kona moja tu, kama mtu ameimega. Tukafungua kwenye meza taratibu, Uhuru za baada ya Azimio, na karibu kila ukurasa wa mbele una dirisha. Picha ya Mwalimu imekatwa kwa mkasi, vizuri kabisa, ikatiwa kwenye fremu ukutani, na sina neno baya kwa huyo mama, alifanya kwa mapenzi. Lakini geuza ukurasa. Upande wa pili kuna shairi la msomaji, beti tatu ziko nzima, ya nne imebaki vina vya kati tu, na kituo, yaani mstari wa mwisho wa ubeti, kimeondoka na picha. Tumekaa pale watu sita tunajaribu kukijaza kile kituo, mizani tunazijua, vina tunavijua, na hatukuweza, kila mmoja anatoa lake na hakuna anayemjua mtunzi alitaka kumaliza vipi.

Yale mashairi hayakuwa pambo. 1968 Mwalimu aliwaita washairi akawaomba walipeleke Azimio kwa watu, wakina Mathias Mnyampala wakatoka na ngonjera, mashairi ya kujibizana, shule zikaimba nchi nzima, na gazeti likawa linapokea tungo kutoka kwa makarani, walimu, wakulima, watu ambao hawakuwahi kuandika makala maishani mwao ila shairi walikuwa nalo. Mtu akiuliza ujamaa uliingiaje kichwani mwa mtu wa kawaida, jibu liko zaidi kwenye zile kurasa za ndani kuliko kwenye hotuba ya ukurasa wa kwanza ambayo ipo kila mahali, huwezi kuipoteza hata ukitaka.

Na barua pia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969 marufuku vimini, wigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi, basi watu wakaandika! Wanaounga mkono, wanaopinga, wanaouliza kwa nini mwanamke ndo afukuzwe kwenye basi. Ukisoma zile barua unaona wanachama wakibishana na chama chao, na hicho ndicho mimi nakitafuta kwenye hizi karatasi. Nikiona toleo lina ubishi ndani nafurahi kuliko toleo la sherehe.

Ndo maana kikao cha tatu chote tulikiweka kwenye mkasa wa The Standard, ingawa halikuwa la TANU. Lilikuwa gazeti la tangu 1930, wakati huo mikononi mwa kampuni ya Kiingereza Lonrho, serikali ikalitaifisha 5 Februari 1970, siku ya Azimio. Akawekwa Frene Ginwala wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kuliongoza, na Mwalimu akasema waziwazi kwamba litakuwa la kijamaa na litakuwa huru kukosoa. Likakosoa kweli. Julai 1971 likamshambulia Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na Ginwala akaondolewa. Baadhi yenu mlisema kikaoni kwamba serikali haikuwa na njia nyingine na Sudan ilikuwa rafiki, nimewasikia na nimeandika kwenye kumbukumbu, ila msimamo wangu haujabadilika, ukimpa mtu kalamu na ukamwambia kosoa, siku akikosoa usimnyang'anye. Yule mama baadaye, 1994, akawa spika wa kwanza wa bunge la Afrika Kusini huru.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. 26 Aprili 1972 The Nationalist na The Standard vikaunganishwa vikawa Daily News, Mkapa akashika. Uhuru likabaki la chama, likapata la Jumapili, Mzalendo, na TANU na ASP ya Zanzibar zilipoungana 1977 likawa la CCM mpaka leo.

Kazi zetu nyingine kwa ufupi. Robota la Tabora lote limepigwa picha kwa simu, liko kwenye fleshi mbili nyumba tofauti. Robota la pili tumelikosa na bado linaniuma. Tuliahidiwa na ofisi moja, tukaandika barua, tukaambiwa subirini, tukasubiri miezi mitatu, siku tunaenda na gari tunakuta yameuzwa kwa kilo, muuza karanga wa nje ya geti anafungia. Nilinunua karanga za mia tano ili nipate kile kipande, kilikuwa nusu ya ukurasa wa barua. Kiko kwenye faili letu. Kuanzia sasa tukiahidiwa tunaenda siku hiyohiyo, hata kwa bodaboda, nauli mhazini atarudisha, na hesabu atawasomea mwenyewe baada yangu.

Mwakani naomba tufanye mawili tu. La kwanza ni kutafuta The Nationalist za Aprili 1972, wiki ya mwisho kabisa, tuone lilivowaaga wasomaji wake. La pili ni hilo shairi la Tabora. Lile toleo lilichapwa nakala nyingi na lazima kuna nyumba lipo bila dirisha, Dodoma, Tanga, Lindi, popote. Picha ya ukurasa nimeiweka kwenye grupu, tarehe inaonekana juu kulia. Angalieni kwenye masanduku ya mabibi zenu, chini ya magodoro, kwenye dari, na mkilikuta msilikunjue, nipigieni kwanza.

Mwenyekiti wenu