Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: somo la sanaa lipo, kipindi chake hakipo

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

YAH: KIPINDI CHA SANAA NA MICHEZO, DARASA LA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kyela. Najua shule zetu ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mihtasari inaandikwa Taasisi ya Elimu, kwa hiyo barua hii ikikufikia ukaambiwa ni ya jirani, naomba umpelekee jirani. Kila ngazi niliyopita mimi nimejibiwa lilelile: "Mwalimu, kwanza tupandishe ufaulu."

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja nilichora chungu ubaoni, nikawaambia watoto 87 wakinakili. Nilipokusanya madaftari nilikuta vyungu 86 vimefanana na changu, hadi pale mkono wangu ulipopinda. Kimoja kilikuwa tofauti. Changu kilikuwa na kitako bapa kama sufuria. Cha binti huyu kilikuwa na tumbo la mviringo, kimekaa juu ya mafiga matatu, na mistari shingoni. Nikamwekea mkasi wa kosa. Kesho yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nimechora cha bibi." Bibi yake ni mfinyanzi wa kabila la Wakisi, wale ambao vyungu vyao vinavushwa Ziwa Nyasa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, kule Matema. Mtoto alikuwa anajua chungu kuliko mwalimu wake, na kalamu nyekundu nilikuwa nayo mimi.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 ulituletea somo la Sanaa na Michezo. Sisi tuliozoea masomo ya Stadi za Kazi, na Haiba na Michezo, tulifurahi, maana sanaa hatimaye iliitwa kwa jina lake. Somo lipo, limebandikwa kwenye ratiba ukutani. Kipindi ndicho hakipo. Siku ya jua watoto wako kiwanjani, maana mpira mmoja unatosha darasa zima na penseli moja ya rangi haitoshi hata dawati moja. Siku ya mvua tunafanya Hisabati. Mitihani ya majaribio ikikaribia, hata kiwanja kinafungwa. Simlaumu mwalimu mkuu. Yeye anapimwa kwa matokeo ya darasa la saba, na katika mtihani ule hakuna mahali mtoto anaposhika brashi.

Lakini tafadhali, usitusaidie kwa kuleta mtihani. Naliona swali lenyewe tayari: "Kifaa kinachotumika kupaka rangi huitwa (A) brashi (B) jembe." Mtoto atapata alama zote bila kuwahi kuona brashi. Kama lazima tupime, kila mtoto awe na jalada la kazi zake tangu darasa la tatu hadi anapomaliza, na mkaguzi akija alifungue.

Baada ya aibu ile nilimwomba bibi aje shuleni. Kabla hajaja tulijifanya wajuaji: tulichimba udongo bondeni, vikundi 11 vikafinyanga vyungu 11, tukavianika juani. Vyote vilipasuka. Bibi alipofika alichukua kipande, akakisugua kati ya vidole, akacheka. Udongo ulikuwa mtupu, alisema, haukutiwa mchanga. Na chungu kibichi hakianikwi jua kali, kinakaushwa kivulini polepole. Watoto wakauliza kwa nini. Pale pale somo likageuka Sayansi: maji yanatoka nje haraka kuliko ndani, ngozi inasinyaa, tumbo bado limevimba. Likawa Hisabati pia, makopo mangapi ya udongo kwa kopo moja la mchanga. Sijawahi kufundisha uwiano ukaeleweka vile, na mwenye kuufundisha hakuwa mimi.

Bibi hakulipwa. Nilimpa kilo mbili za sukari kutoka mfukoni kwangu, na bado niliulizwa kwa idhini ya nani nimeingiza mtu wa nje darasani. Hapo ndipo ninapokuomba waraka mfupi, hata ukurasa mmoja: shule iruhusiwe kumwalika mfinyanzi, mchongaji, msusi wa mikeka au mpiga marimba wa kijijini, na impe posho halali. Mtwara wana wachonga vinyago, sisi tuna wafinyanzi. Vifaa vingine havihitaji hata zabuni, viko bondeni.

Vinavyohitaji fedha ni vichache. Ruzuku ya elimu bila malipo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Ikitengwa shilingi 500 tu kati ya hizo, shule ya watoto 600 inapata 300,000 za karatasi, brashi na rangi. Zitajwe kwa jina, maana fedha isiyo na jina huishia kwenye chaki na karatasi za mitihani. Walimu nao wengi hatukusomea fani hii. Chuo cha Butimba kimefundisha walimu wa sanaa kwa miaka mingi, lakini hawatufikii huku chini. Vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunavyo tayari. Kimoja kwa muhula kiwe cha kuchora na kufinyanga kwa mikono yetu, si cha kusomewa slaidi.

Kuna wenzangu wanaosema mchoraji Tingatinga hakusomea uchoraji shuleni, na leo mtindo wake unalisha familia. Ni kweli, alianza na vipande vya ubao mgumu wa kushindiliwa (hardboard) na rangi ya baiskeli. Wanachosahau ni kwamba kabla ya kufariki mwaka 1972 alikuwa amewaweka ndugu na vijana pembeni yake, akawafundisha. Wangekuwa wanafunzi wangu, saa ile wangekuwa kwenye Hisabati.

Jambo la mwisho ni dogo. UMITASHUMTA, mashindano yetu ya shule za msingi, ina mpira, riadha, ngoma na kwaya. Mtoto anayechora hana pa kwenda. Wekeni ukuta mmoja wa kutundika michoro.

Vyungu vya awamu ya pili tulivichoma nyuma ya choo cha walimu, kwa kuni na nyasi kavu, na vitano vilipona. Kimoja kiko ofisini kwa mwalimu mkuu. Anawekea chaki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la tatu, Kyela