Kabla ya kufuma kofia ya mtoto njiti, ulizeni wodini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu kofia.

Novemba mwaka jana, siku chache baada ya Siku ya Mtoto Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, inayoadhimishwa tarehe 17, nilirushiwa picha kwenye simu. Kikundi cha kina mama kimekwenda hospitali kupeleka kofia za kufuma. Wamevaa sare, nyuso zinang'aa, na katikati yao yupo mama amempakata mtoto. Nilivaa miwani nikaivuta ile picha. Kofia imemshuka mtoto mpaka puani. Utosini pana bonge la nyuzi kubwa kuliko ngumi yake, na chini ya kidevu utepe umefungwa fundo.

Kina mama wale wamejinyima. Uzi ni hela, na mtu anayekaa jioni nzima akimfumia mtoto asiyemjua ana moyo wa kushukuriwa. Siandiki kuwasema. Naandika kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla yao, tena kwa kofia 43, na aliyenitoa tongotongo alikuwa mwanafunzi wangu.

Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka 31 na nikastaafu mwaka 2016, hapahapa Njombe. Kwa wasioijua Njombe, mwezi Juni na Julai kuna asubuhi unakuta majani ya bustanini yamekuwa meupe kwa barafu. Mwaka 2018, katikati ya baridi hiyo, tulitangaziwa kanisani kwamba wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ya huku kwetu ina uhaba wa kofia. Nilinunua uzi wa sweta wa rangi kali kali, nikafuma usiku na mchana kwa wiki tano, nikafunga kiroba, nikapanda bajaji.

Aliyetoka kunipokea ni muuguzi niliyemfundisha darasa la sita. "Shikamoo, Mwalimu." Alitoa kofia moja, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mafundo niliyofunga kila nilipobadili rangi. Akanyamaza. Nilimfahamu ule ukimya. Hata darasani alikuwa hivyohivyo akiona nimekosea ubaoni na anaogopa kunyoosha mkono. Mwisho akasema, "Mwalimu, nisamehe. Hizi nikizipokea nitaishia kuzifungia kabatini. Zitawapwaya, na huu uzi utawakwaruza."

Nilitaka kubisha. Yeye akanishika mkono akanipeleka kwenye mlango wa kioo. Ndani alikaa binti wa miaka kama 20, amejifunga kitenge kifuani, na juu ya pindo la kitenge kimechomoza kichwa. "Kilo moja na gramu mia mbili," muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini. Kichwa kile hakikuzidi parachichi kubwa la kienyeji. Mimi nilikuwa nimefuma kwa kukumbuka vichwa vya wajukuu zangu, ambao hakuna aliyezaliwa na chini ya kilo tatu.

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa kama sentimita 34 au 35. Njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, na njiti hawalingani. Wa wiki 32 kichwa chake hukaribia sentimita 29, wa wiki 28 kama 26. Ukimvika huyu wa mwisho kofia ya mtoto aliyetimia, itamziba macho na pua, au itavuka na kubaki kwenye kitenge cha mama yake huku kichwa kiko wazi kwa baridi.

Na kichwa hicho ndicho kinachopoteza joto jingi, maana kwa mtoto mchanga ni sehemu kubwa sana ya mwili, naye njiti hana mafuta chini ya ngozi ya kumhifadhi. Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, nguvu ambayo ingemwongezea uzito anaitumia kujipasha moto, ananyonya kwa shida, sukari ya damu inashuka. Muuguzi yule alinieleza haya tumesimama koridoni, na nikawaza jinsi nilivyokuwa nikiifikiria kofia kama zawadi. Pale wodini kofia imo kwenye orodha moja na dawa.

Wengi wetu tumesikia habari ya kangaroo, yaani mama kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, ambaye inkubeta, zile mashine za kumpasha mtoto joto, hazikumtosha. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, nazo ni Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Watoto wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila 100. Wale waliosubiri mpaka hali zao zitulie walifariki karibu 16. Wanawake wa Tanzania walichangia kuliweka wazi jambo hilo kwa vifua vyao wenyewe. Mtoto anapobebwa hivyo huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Mama anampasha mwili, kitenge kinampasha mgongo, kichwa kinaachiwa kofia.

Nilirudi nyumbani na kiroba changu. Kofia zile nilizigawa kwa watoto wakubwa wa mtaani, nikaanza upya.

Sasa tuko kumi na mmoja. Tisa ni wanawake, mmoja ni fundi cherehani mwanamume, na mmoja ni kijana wa bodaboda ambaye hafumi lakini ndiye anayepeleka mzigo hospitali na hajawahi kupokea hata hela ya mafuta. Uzi mpya wa pamba ni ghali na huku haupatikani kirahisi, kwa hiyo tunafumua sweta za mitumba. Hapa naomba wasomaji wanaofuma wanisikilize vizuri, kwa sababu hela nyingi hupotea sokoni. Kabla hujanunua sweta, ligeuze uangalie mishono ya ubavuni. Likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki, liache, kwani uzi umekatika kila mstari na utapata vipande vya urefu wa mkono. Tafuta lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa. Hilo ukiupata mwanzo wa uzi, unavuta kama unamenya chungwa bila kukata ganda.

Lebo ikiwa imenyofolewa, chomoa uzi kidogo uuchome. Pamba hunuka kama karatasi na huacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Nailoni na jamii yake huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, na uzi huo hatuutumii kwa njiti kamwe. Ukishafumua, fua, tundika uzi ukiwa na kitu kizito chini ili unyooke, kisha viringisha. Sweta moja la mtu mzima hutupatia kofia 15 na zaidi.

Hatufumi matundu ya urembo, kwa sababu kidole cha njiti ni chembamba kama njiti ya kiberiti na uzi ukikizunguka unaweza kukikaba. Hatuweki vifungo, utepe, wala mabonge. Mafundo tunayaficha upande wa nje. Kabla ya kufungasha tunafua kwa maji ya moto na kupiga pasi, kila saizi kwenye mfuko wake, sentimita 26, 29, 32, imeandikwa kwa kalamu nene ili muuguzi wa zamu ya usiku asihangaike.

Jambo ambalo hata mimi sikulifikiria ni ukaukaji. Kofia iliyolowa inampoza mtoto kuliko kukaa bila kofia, na njiti akicheua maziwa, kofia inalowa. Msimu wa ukungu huku kwetu nguo hukaa kambani siku tatu. Ndiyo maana kila mtoto tunampa kofia tatu, na akiruhusiwa anaondoka nazo. Hazirudi wodini kwa mtoto mwingine.

Mwanzoni tulikuwa tunakabidhi na kuondoka. Ni yule muuguzi aliyetuomba tukae. Kina mama wengine wanatoka Makete na Ludewa, wamekuja na kitenge kimoja, na watakaa wiki nne, tano, mbali na watoto waliowaacha nyumbani. Wanahesabu gramu. Asubuhi mtoto akipungua gramu kumi mama hali chakula siku nzima. Basi siku ya Alhamisi wawili kati yetu tunakwenda, tunaosha mikono, tunakaa kwenye chumba chao cha kupumzikia na sindano za kufumia. Hatuhubiri wala hatutoi mawaidha. Tunafuma, na anayetaka kujifunza anajifunza.

Binti mmoja wa kule milimani alikaa siku 38. Wiki ya kwanza hakusema neno na mtu. Wiki ya pili alichukua sindano kwa mzee mwenzangu bila kuomba, akafumua kofia ambayo ilikuwa nusu, akaianza mwenyewe, vibaya. Aliifumua na kuianza mara sita. Siku anaruhusiwa, mtoto wake akiwa na kilo 1.9, alituachia kofia tano alizofuma. Muuguzi aliziangalia kwa kidole gumba kama kawaida yake, hakupata fundo.

Niseme kidogo na kuhusu wagonjwa wakubwa, kwa kuwa wapo wanaofuma kofia za wagonjwa wa saratani, nao wanahitaji kuambiwa. Wifi yangu alitibiwa saratani ya titi Dar es Salaam. Nywele huanza kutoka kama wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza ya zile dawa za mshipani, na kwake zilitoka hivyo, asubuhi moja akakuta mto umejaa. Nilimtumia kwa basi kofia nzito ya Kinjombe, nzuri kweli. Siku mbili baadaye akanipigia, "Wifi, nimeivaa kwa heshima yako, lakini huku joto linaniua, na kichwa chenyewe kinauma nikikigusa tu." Ngozi ya kichwa wakati ule huwa laini na yenye maumivu. Fundi wetu akachukua fulana kuukuu za pamba, akakata, akashona mshono ukae nje, kofia nyepesi ya kulalia na ya kuvaa chini ya kilemba au mtandio. Hizo ndizo alizovaa miezi yote, na alipomaliza aliziacha kwa jirani yake wa kitanda, zimefuliwa. Wifi amerudi, anapalilia viazi vyake.

Sasa nije kwako, Mhariri. Gazeti linaheshimika, na picha ya makabidhiano ikitoka gazetini kila kikundi kinataka yake. Naomba mkipata picha za namna hiyo msitoe sura ya mtoto wala ya mama. Mama yule amejifungua kabla ya wakati, hajalala siku nane, nywele hazijasukwa, kifua kiko wazi kwa sababu ndiyo tiba yenyewe. Anapoombwa kupigwa picha na watu waliomletea kitu, atakataaje? Nimewaona wakikubali huku wanaangalia chini. Pigeni picha ya kofia zimepangwa mezani, pigeni mikono inayofuma, inatosha.

Na kwa kina mama wa ile picha, ikiwa mmoja wenu atasoma hapa, kofia zile zitawafaa watoto wa miezi sita na kuendelea, msizitupe. Kateni mabonge na tepe, wapeni wanaokwenda kliniki. Sisi tungefurahi sana mkijiunga nasi. Mtatupata Alhamisi mchana, muulizeni muuguzi yeyote wa wodi ya wachanga. Pesa hatupokei. Leteni sweta kuukuu za pamba, fulana, na kama mna vijana wenye macho mazuri, waleteni, kwani mimi sasa uzi mweusi usiku siuoni.

Mliopo mbali na Njombe, nendeni kwenye wodi ya wachanga iliyo karibu nanyi, kabla ya kununua uzi. Nendeni mikono mitupu, na utepe wa kupimia kwenye pochi.

Mwalimu mstaafu,
Njombe Mjini