Kisukari: msiwaambie watu wasubiri macho yasumbue

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii ile makala yenu ya Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, imenishinda kunyamazia. Yale ya ugali na mazoezi sina neno nayo. Ila pale mwishoni mmeandika kwamba mgonjwa wa kisukari “akiona macho yameanza kusumbua” aende hospitali. Hapo mmewapotosha watu, na baadhi yao watapofuka.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, kule nyuma ya jicho. Mishipa inavimba, inavuja, mingine inaziba. Wakati huo wote mtu haumwi, na meseji kwenye simu anazisoma vizuri tu. Baadaye jicho linaotesha mishipa mipya, dhaifu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Mwenye jicho mara nyingi anashtuka hapo, na mnataka hapo ndipo aanze kutafuta nauli?

Kaka yangu ni fundi cherehani hapa Tanga. Kliniki ya kisukari hakosi. Kadi yake ninayo hapa mezani: tarehe, uzito, presha, sukari, dawa, imejaa mihuri mbele na nyuma. Neno macho halimo. Alipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano aliambiwa ni umri, akanunua miwani. Baada ya muda miwani ikamkataa, akanunua nyingine, wala hakuna aliyemweleza kuwa sukari ikipanda na kushuka lenzi ya jicho nayo hubadilika, na miwani ya leo kesho haifai. Kisha asubuhi moja akaamka jicho la kulia limejaa nyuzi nyeusi, jioni likawa giza. Daktari bingwa wa macho alipomwekea dawa ya kupanua mboni na kuchungulia, akauliza swali moja tu: “Mara ya mwisho kupimwa hivi ilikuwa lini?” Haikuwahi kuwapo! Miaka yote ile anachomwa kidole, anapangwa foleni, anapewa tarehe ya kurudi, na hakuna mtu aliyemwangalia ndani ya jicho. Leza na sindano za jichoni zimeliokoa la kushoto. La kulia linaona kivuli cha mkono, basi.

Na hapo hapo stendi kuna watu wanauza dawa za matone kwa kipaza sauti, “inaondoa ukungu, inaondoa mtoto wa jicho.” Mtoto wa jicho, ambaye wenye kisukari humpata mapema kuliko wengine, huondolewa kwa upasuaji. Matone hayamwondoi. Wanaruhusiwaje? Mgambo wanamfukuza mama wa mihogo, huyu wa matone wanampita.

Hospitali ya KCMC pale Moshi walishaanzisha mpango wa kuwapiga picha ya retina wagonjwa wa kisukari wa Kilimanjaro, kwa hiyo msituambie haiwezekani nchini mwetu. Ninachotaka ni kadi ya kliniki iongezwe safu ya macho, na muuguzi asiandike tarehe ya kurudi mpaka aone safu hiyo imejazwa ndani ya mwaka. Mwenye kisukari cha ukubwani aanze kupimwa macho siku ileile anapogundulika, kwa sababu huenda alikuwa nacho miaka kadhaa bila kujua. Mama mwenye kisukari akipata ujauzito, macho yaangaliwe mapema, maana mimba inaweza kuyaharakisha madhara.

Nanyi mchapishe sahihisho. Msilifiche ndani huko karibu na matangazo ya viwanja. Liwe kwenye ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule, na liseme pima macho kila mwaka, hata kama unaona vizuri.

Mwalimu mstaafu,
Tanga