Baridi ya Julai hailetwi na umbali wa jua

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki ya kwanza ya mwezi huu kuhusu "afelio", yaani wakati dunia inapokuwa mbali zaidi na jua, mliipa nusu ukurasa, na picha ya dunia ikielea gizani. Mliandika kwamba dunia imeacha umbali wake wa kawaida wa kilomita milioni 90 na kwenda milioni 152 kutoka kwenye jua, kwamba hiyo ndiyo sababu ya baridi hii, na kwamba wananchi watarajie mafua, kikohozi na kubanwa kifua hadi Agosti iishe. Maneno hayohayo huzunguka kwenye simu zetu kila Julai, nami nimezoea kuyafuta na kuendelea na shughuli zangu. Yakishachapishwa gazetini hayafutiki tena. Watu hukata kipande wakakiweka. Nimewasoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini safari hii siwezi kunyamaza.

Huo umbali "wa kawaida" wa milioni 90 haupo. Wastani wa umbali kati ya dunia na jua ni kilomita milioni 149.6, na mwanga wa jua huchukua dakika nane na sekunde 20 hivi kutufikia. Njia ya dunia si duara kamili, kwa hiyo mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi, kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali zaidi, kama milioni 152. Tofauti ni milioni tano tu, asilimia tatu na kidogo, wala si hiyo asilimia 66 mliyoiandika. Tena hutokea kila mwaka, tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Na kama umbali ndio ungekuwa unaleta baridi, Julai ingekuwa baridi ulimwengu mzima. Mpigieni simu ndugu yeyote aliyeko Muskat, Omani, mumuulize hali ya hewa: huko joto linakaribia nyuzi 40, na umbali wao na jua ni huohuo wetu. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia, ambao umeinama karibu nyuzi 23.5. Mwezi wa Juni kizio cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa ikweta, ndicho kinacholielekea jua. Sisi wa Njombe, nyuzi tisa kusini mwa ikweta, tunapata miale ya mshazari na mchana mfupi kidogo. Ongezeni upepo wa kusi. Ongezeni kwamba mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwamba usiku usipokuwa na mawingu joto la ardhi lote hupaa likapotea. Ndiyo maana sakitu inaunguza viazi vyetu.

Sasa nieleze kwa nini nimekasirika. Mimi ni muuguzi mstaafu. Wiki iliyopita jioni nilipita kwa jirani yangu, binti mwenye mtoto wa mwaka mmoja na miezi, nikasikia mtoto anakoroma kifuani kabla sijaingia ndani. Chumba kimefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, jiko la mkaa linawaka miguuni pa kitanda. Nikamfunua mtoto: mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na nilipohesabu, pumzi zilipita 50 kwa dakika. Nikamuuliza mama yake, mwanangu, huyu ana siku ngapi hivi? Akanijibu kwa upole kabisa, "Tangu Jumapili, bibi, lakini wamesema ni kawaida mpaka Agosti, dunia ikirudi." Akanionyesha gazeti. Lilikuwa lenu, limekunjwa vizuri, liko juu ya kabati. Yule mtoto alikuwa na nimonia, Mhariri! Nimonia huletwa na vijidudu, nayo huwashika watoto zaidi wakati wa baridi kwa sababu tunajifungia pamoja ndani ya moshi bila hewa. Kilomita za angani hazihusiki hata kidogo. Tulimbeba tukaenda hospitali usiku uleule, akawekewa oksijeni na kuanzishiwa dawa. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini mama yule si mzembe wala si mjinga. Alisoma, akaamini alichosoma, kama tulivyomfundisha kuwaamini watu walioandika. Angesubiri hadi Agosti kama mlivyomwambia, asingekuwa na mtoto wa kusubiria.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, ukurasa wenu wa watoto nao unisikilize. Mmewaambia watoto kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia huufunika. Si kweli. Nusu ya mwezi huangazwa na jua siku zote, nasi tunaiona kwa pembe tofauti kadiri mwezi unavyotuzunguka, tangu mwandamo mmoja hadi mwingine siku 29 na nusu. Mwezi wa siku saba huonekana alasiri huku jua nalo bado liko angani. Kivuli cha dunia, ambacho huelekea upande usio na jua, kitaufikiaje? Kinaufikia mwezi ukiwa mpevu tu, tena siku chache sana, kama usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 tulipouona ukiwa mwekundu kuanzia saa mbili na nusu. Na mchoro wenu una mwezi mchanga uliosimama wima, ilhali huku kwetu karibu na ikweta hulala kama mtumbwi. Mchoro huo umenakiliwa kutoka nchi za kaskazini. Mtoto akitoka nje akatazama juu, aamini macho yake au gazeti?

Naomba masahihisho yatolewe ukurasa uleule, nusu ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, na dalili za hatari za nimonia kwa mtoto ziwekwe pale mlipoweka picha ya dunia. Kisha tarehe 17 Oktoba mtume mpiga picha Njombe mjini. Siku hiyo, saa sita na nusu mchana hivi, jua litakuwa utosini kabisa, na mlingoti wa bendera ulionyooka vizuri hautakuwa na kivuli cha kuonekana. Aupige picha. Arudi Juni inayofuata, saa ya adhuhuri, apige mlingoti uleule wenye kivuli kinachoelekea kusini, mzichapishe pamoja ili msomaji ajionee mwenyewe jua linavyohama. Nauli yake kutoka Makambako hadi hapa nitalipa mimi, mara zote mbili.

Muuguzi mstaafu,
Njombe