Barua kwa wasusi wa ukili na washona kofia wa Tanga mnaotaka kuvunja jiko

Assalaam aleikum, wanangu na wadogo zangu.

Nawaandikia nyinyi wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Mabawa mliovuka miaka 45. Watoto wameshatoka nyumbani, mmerudia ukili, ule mkanda wa ukindu wa kushonea mikeka, na kofia mlizoziacha ujanani, na sasa mnahesabu pesa za kulijenga jiko upya. Yote mawili ni ya heri. Ombi langu ni moja: fundi asiingie kabla hamjapima miili yenu na kazi zenu. Picha ya jiko la mtu mwingine kwenye simu haijui kwamba wewe unakuna nazi kwa mbuzi, wala kwamba unachemsha rangi ya ukindu.

Anza na kiwiko. Vaa ndala zako za nyumbani, simama wima, kunja mkono, mtu akupime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa sentimeta 10 hadi 15. Hapo ndipo juu ya kaunta yako. Mwenye kiwiko cha sentimeta 98 anahitaji kaunta ya 83 hadi 88. Ukijengewa 90 kwa sababu fundi amezoea 90, mabega yatapanda kila ukikata vitunguu, na jioni ukishika sindano ya kofia shingo itakuwa imeshachoka. Pa kukandia unga pashuke kidogo zaidi. Na mwambie fundi kipimo hicho ni cha juu ya marumaru: marumaru na saruji ya kuzibandikia huongeza sentimeta 2 au 3, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Mbuzi nayo ina haki yake. Acha kipande cha ukuta, upana wa sentimeta 80, kisichokuwa na kabati wala kaunta, karibu na mlango wa uani penye mwanga. Aliyejaza kabati ukuta hadi ukuta huishia kukuna nazi njiani, watu wakimruka.

Sinki linunuliwe kabla zege la kaunta halijamwagwa, ili tundu lake liachwe kwenye mbao za boksi zinazoshikilia zege likiwa bichi. Likija baadaye, fundi atakata zege na nondo pamoja, na ufa utaanzia hapo.

Kaunta ya meta 3, upana sentimeta 60 na unene sentimeta 7.5, hula takriban mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mfuko huo uchanganywe na ndoo 3 na nusu za mchanga, za lita 20, na ndoo 7 za kokoto. Maji yasizidi lita 25. Fundi anapenda zege la maji maji kwa sababu halimchoshi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege linakuwa dhaifu. Nondo za milimita 10 zipangwe kila sentimeta 15, ziinuliwe kwa vipande vya zege ili chini yake pabaki sentimeta 2 na nusu. Nondo iliyolala juu ya mbao itaota kutu mapema, na kutu huvimba na kulipasua zege. Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7, na mbao za chini zisiguswe kabla ya siku 14.

Kuhusu mchanga nitasema kwa ukali kidogo. Mchanga wa ufukweni hauna bei na una chumvi. Chumvi hiyo hula nondo, huvuta unyevu ukutani, kisha rangi inabanduka na kuacha unga mweupe. Tumieni wa mto au wa shimo la mbali na bahari. Pima pia udongo uliomo: jaza mchanga sentimeta 10 kwenye chupa, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Udongo utakaotuama juu ukizidi milimita 6, urudishe mchanga huo.

Maji na umeme vipite ukutani kabla ya lipu. Bomba la maji machafu lishuke sentimeta 2 na nusu kwa kila meta, na chini ya sinki pawe na ile kona inayobaki na maji; bila hiyo harufu ya shimo inapanda jikoni. Waya wa soketi uwe wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Mtungi wa gesi usimame, usifungiwe kwenye kabati lisilo na matundu chini, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni. Viungio vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kabati za mbao za unga, zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, hazidumu kwetu. Zikipata unyevu huvimba miguuni kama mkate uliolowa. Chukueni mninga au mtiki, na bawaba za chuma kisichoota kutu.

Sasa ukindu. Rangi za unga tunazochemshia si za chakula. Sufuria ya rangi iwe ya rangi maisha yake yote, itiwe alama, na ilale uani. Chemsheni huko huko, hewani. Mkaa ndani ya jiko lililofungwa unaua bila harufu. Maji ya rangi yasimwagwe kwenye sinki jipya: yanapenya kwenye viungo vya marumaru na hayatoki, na yakienda karibu na kisima ni hatari. Ukindu mkavu uhifadhiwe juu, chumba kingine, kwa sababu mvuke wa jikoni huuotesha ukungu. Mwenye kofia akae dirishani, mwanga utoke kushoto kama anashona kwa mkono wa kulia, na mbali na karai la mafuta. Uzi mweupe ukishika mafuta hata kuloweka hakusaidii.

Vunjeni Januari, mmalize zege na lipu kabla ya masika. Siku moja kabla ya nyundo ya kwanza, toeni nyumbani ukindu wote na kofia zilizoanza, muwape jirani. Vumbi la saruji likikuta ukindu wenye unyevu linaganda humo humo.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga