Gari nimelipenda, lakini LUKU ni ya mama

Kaka mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, na duka langu la vitambaa liko Ngamiani. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza hapa ana jibu lake, na wote wanajibu kwa uhakika uleule.

Gari langu ni SUV ndogo ya petroli, injini ya lita 2. Bodi bado nzuri, injini haina neno, ila gia boksi yake ni CVT, ile ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na imeanza kusitasita ikishapata moto. Fundi ameniambia nijiandae. Katika kutafutatafuta nikapata yadi moja Dar es Salaam iliyo tayari kulichukua gari langu, niongezee milioni 14, wanipe Mitsubishi Outlander PHEV ya mwaka 2015. Ni haibridi ya kuchaji kwa waya: ina injini ya petroli ya lita 2, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na betri ya kilowati-saa 12 chini ya sakafu. Mjini unakwenda kwa umeme mtupu, betri ikishuka injini inawaka yenyewe na kuzalisha umeme. Na kilichonivuta zaidi, halina CVT wala gia za kubadilisha.

Nilikwenda kuliona. Kijana wa yadi akaliwasha, kimya, nikadhani limegoma. Akanifungulia kifuniko cha kuchajia upande wa kulia nyuma, ndani matundu mawili, dogo la chaji ya nyumbani na kubwa la chaji ya haraka ya Kijapani, CHAdeMO, ambalo kwa huku Tanga sijui nitalipeleka wapi. Likiwa limejaa chaji, dashibodi ikaandika kilomita 27. Nikamwambia mbona mnatangaza 60? Akasema ni kwa sababu ya AC. Nikamwomba azime AC, ikapanda mpaka 30. Hizo 60 ni za kipimo cha Japani, gari likiwa jipya. Na mimi joto la Tanga silimudu bila AC, kwa hiyo kwangu ni 27, tena kwenye foleni huenda zikawa chini ya hapo.

Sasa sikiliza hesabu yangu, unisahihishe. Pongwe mpaka mjini na kurudi, pamoja na kupeleka watoto shule na kufuata mizigo stendi ya Kange, hazipungui kilomita 35 kwa siku. Gari langu mjini linakwenda kilomita 10 kwa lita, na petroli ikicheza karibu na elfu tatu, ni elfu kumi na ushei kila siku ya kazi. Hilo jingine, kilomita 27 za umeme zitanila uniti nane au tisa, kama elfu tatu kwa bei ya shilingi 356 kila uniti, na zilizobaki petroli ya elfu mbili hivi. Naokoa elfu tano kwa siku, laki na thelathini kwa mwezi. Ukigawa milioni 14 kwa hiyo, ni karibu miaka tisa! Ikifika hapo betri ina umri wa miaka ishirini. Mume wangu alipoiona karatasi alicheka, akasema basi nunua tu gia boksi. Anaweza kuwa na haki, ingawa yeye haendeshi ile gari inapokata pumzi pale Kange na lori nyuma yake.

Lakini hilo la pesa si zito kama la LUKU. Nyumba tunayokaa ni ya urithi, mita ni moja, na anayenunua umeme ni mama yangu. Hataki mtu amguse hapo, ni heshima yake ndani ya nyumba. Tunapikia gesi, friji moja, tunabana tusivuke uniti 75 kwa mwezi, ndiyo maana bado tuko kwenye ule umeme wa bei nafuu ambao buku linatoa uniti 8.2. Elfu nane za mama zinatoa uniti 65 na mwezi unakwisha. Nikianza kuchaji gari, uniti mia mbili na zaidi zitapita kwenye mita ileile, na TANESCO watatuhamisha kwenye tarifu ya kawaida, buku kwa uniti 2.8. Elfu nane zilezile zitatoa uniti 22. Nimemwambia nitamfidia. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nilikuwa nalala na taa ya ukumbini inawaka, sasa nitaanza kuizima kwa ajili ya gari?" Na kweli ataizima, namjua.

Njia niliyoiona ni kuomba mita ya pili kwa jina langu, nivute waya mpaka barazani, gari lichaji huko na mama abaki na umeme wake. Lakini je, kuna msomaji aliyefanya hivyo kwenye nyumba moja na wakakubali? Na nyaya za nyumba hii ni za zamani, sina hakika na erthi yake, na jioni umeme unapungua nguvu mpaka friji inalalamika. Kuchaji saa tano mfululizo kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ni salama au nitachoma nyumba ya marehemu baba?

Mafundi ndiyo usiseme. Wa kwangu ni hodari, ila alipoona picha ya zile waya za rangi ya chungwa zenye volti 300 alirudisha simu mkononi mwangu. Tena kila likizo tunapanda Lushoto kwa wakwe. Kule kuteremka kurudi Mombo nasikia betri inajichaji yenyewe, nimefurahi. Kupanda je, na betri imeshakwisha, watu watano na magunia?

Kaka yangu aliyeko Dar ananiambia niachane na waya kabisa, nitafute haibridi ya kawaida ya Toyota isiyochomekwa popote, mafundi wake wapo wengi. Pengine ndilo jibu. Ila sitaki kujibiwa kwa mazoea tu.

Kwa hiyo nakuuliza: betri inayoonyesha 27 kwenye gari la 2015 ni ya kawaida kwa umri wake au imechoka? Nikirudi yadi nidai wanipimie nini, kwa kifaa gani, kabla sijatoa hata shilingi? Na hilo la mita ya pili, nianze nalo kwanza au nisubiri gari lije? Yadi wamenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Mama wa vitambaa,
Pongwe, Tanga