Tukienda milima ya Taita, tupige hodi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita, nilipokwenda milima ya Taita na wenzangu wa chama. Sisi ni akina mama 14 wa Kibokoni na Mkanyageni, hapa Mombasa, wengi washonaji na wauza mahamri, na tumeweka akiba mwaka mzima ili tutoke siku moja tukapumzishe macho.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mariakani ni yale yale ya kila siku, malori na foleni. Lakini ukifika Voi ukakata kushoto, ukayapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, gari huanza kupanda, na kuanzia hapo hatukusema neno. Ni kona juu ya kona. Mlima umekatwa matuta ngazi ngazi, shamba la huyu liko juu ya paa la yule, na mifereji ya maji inapita kwenye migomba. Nilizoea kuziona kabichi na nyanya za Taita zikishushwa sokoni Kongowea, sikujua kwamba mtu huzilima akiwa amesimama upande upande. Wundanyi, mji wa huko juu milimani, tulijitanda leso mbili mbili na baridi ikatupata vile vile.

Gari tulilikodi kwa watu wa hapa hapa Mombasa, na kijana wa kututembeza alitoka nao. Chakula pia tulibeba: sufuria mbili za biriani, maji, hata ndizi. Mhariri, tulibeba ndizi tukazipeleka Taita!

Kijana yule alitupeleka kwenye pango moja la mafuvu. Sitalitaja jina, maana nikilitaja wikendi ijayo patajaa. Kwa asiyejua, zamani Wataita walimzika mzee wao, kisha baada ya muda wakalifukua kaburi, wakakitoa kichwa na kukiweka chini ya jabali pamoja na vichwa vya waliomtangulia katika ukoo. Hapo ndipo walipokwenda kuomba mvua ilipokataa, au maradhi yalipoingia. Tulivikuta vimepangwa kwa safu, vingine vimeota ukungu wa kijani. Nilihisi kama nimeingia chumbani kwa watu waliolala.

Kijana akainama, akaokota fuvu moja, akauliza nani anataka kupigwa picha nalo. Binti wa mwenzetu, msichana wa miaka 19, akalipokea akaliweka kifuani na kucheka. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mtu mzima wa miaka 61, na sikusema kitu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Sisi tumefundishwa na Mtume kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuvunja mfupa wa aliye hai. Ningeuona mkono wa mtu umeshika kichwa cha marehemu mama yangu pale makaburini, ningepiga kelele mji mzima ukasikia.

Tukasikia mtu anakohoa nyuma yetu. Mzee, ana panga na mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Hakugomba. Alitua mzigo, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Karibuni, mama zangu. Hodi mmepiga wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Alilichukua fuvu kwa mikono miwili, akalirudisha mahali pake, akaligeuza uso likatazama lilikokuwa likitazama. Akatuambia huyo ni wa ukoo wao. Binti akaanza kulia, akaifuta ile picha mbele yake. Mzee akamwambia, "Basi, mjukuu wangu, hukujua. Lakini aliyekuleta alitakiwa ajue."

Saa mbili zilizofuata ndizo safari yenyewe. Alituchukua hadi ukingoni mwa msitu wa Ngangao, ambao mzima wake hauzidi sana hekta 120, na ukungu umekaa ndani yake mchana kweupe. Alituambia miti ile ya asili huukamata ukungu majanini, maji yakadondoka chini na kutoka kwenye chemchemi zinazonywesha vijiji. Alituonyesha kwa kidole palipokatwa msitu wa kale na kupandwa misonobari na mikaratusi, akasema mikaratusi inakunywa kuliko inavyotoa. Kuna ndege wanaoishi kwenye vipande hivi vya misitu na hawapatikani kwingine kokote duniani. Tulikaa kimya tukawasikia, ingawa macho yetu hayakuwaona. Alitueleza pia habari za fighi, vijisitu vya wazee ambavyo mtu hakuruhusiwa kukata hata kuni, na ndiyo sababu vingine vimesimama hadi leo. Kijana wetu wa Mombasa hakuwa amelitaja hata moja kati ya hayo.

Kisha akatupeleka kwake. Mkewe alitupa kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharage, na chai ya maziwa. Nilipouliza wageni wa Mombasa huwaachia nini, yule mama alijibu kwa upole tu: "Chupa za maji."

Ndipo nilipokumbuka Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda huku kwetu pwani. Nilifika huko mwaka juzi na wajukuu. Mlangoni tulivishwa kaniki, tukapewa muongozaji wa kijiji kile kile, tukaambiwa kilichomo msituni hubaki msituni, hata jani. Hakuna aliyenung'unika. Kaya za Wamijikenda zimekuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008, lakini wenyewe walikuwa na masharti yao kabla ya orodha hiyo kuja. Basi kwa nini sisi watu wa pwani tunaovaa kaniki Kinondo tupande Taita na kushika vichwa vya wazee wa watu?

Ombi langu la kwanza ni kwa wanaokodisha magari na kupanga safari za wikendi kutoka huku kwetu. Mkifika Wundanyi, chukueni muongozaji wa kijiji mnachokwenda, na sehemu ya fedha tunazowalipa ifike mkononi mwake. Pango lisiingiwe bila mzee wa ukoo kuarifiwa. Akikataa, amekataa, turudi tukaangalie msitu. La pili ni kwa wakuu wa kaunti ya Taita Taveta: kaeni na wazee hao, muwasikilize ni mapango yapi wako radhi yaonyeshwe na yapi yafungwe kabisa, kisha masharti yaandikwe kwa Kiswahili na Kidawida, lugha ya Wataita, mahali mgeni atayaona kabla hajaanza kupanda.

Chama chetu kitarudi mwezi wa Disemba. Tumeshamwarifu yule mzee kwa simu, na mkewe ameambiwa apike kwa watu 15, sisi 14 na binti yule, ambaye ameomba mwenyewe kuja tena. Amesema atakuja na kitambaa cha kitanda alichokishona, ampe bibi wa nyumba.

Bi. Z. A.,
Kibokoni, Mombasa